Anayeondoka si yule maskini kuliko wote

Kaka yangu alipokwenda kufanya kazi nje ya nchi, fedha zake zilianza kupitia mkononi mwangu. Mama hakuwa na akaunti, baba hakupenda mambo ya foleni na fomu, nami nilikuwa na kitambulisho na subira. Nikawa napokea, nagawa, naandika. Baadaye nilichaguliwa kuwa katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikawa na madaftari mawili: la nyumbani na la kikundi. Katika kikundi, baadhi ya wanachama walikuwa na mtu nje na wengine hawakuwa na mtu. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyaona ndani ya madaftari hayo. Mengine niliyasoma baadaye, nikitafuta kuelewa inakuwaje jamii moja iliyopeleka watu wengi nje iwe na nyumba zilizoinuka na nyumba zilizozidi kuzama, na kati yake kuna ua tu.

Watu husema wahamaji wanakimbia umaskini. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Ukiwapanga walioondoka kwetu kwa jinsi walivyotangulia, huwakuti mafukara mwanzoni. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Wakafuata watoto wa mfanyabiashara, kisha kijana ambaye mjomba wake alikuwa ameshatangulia huko. Kaka alikuja baada ya hao. Hatukuwa matajiri hata kidogo, ila tulikuwa na shamba lenye hati, na hati ile ndiyo iliyomtoa.

Ukurasa wa gharama za safari yake ninao mpaka leo. Una mistari ya pasipoti, vipimo vya afya, picha, cheti cha polisi cha tabia njema, viza, wakala wa ajira na nauli ya ndege. Chini kabisa kuna mstari nilioandika "mengineyo", na mstari huo ni mkubwa kuliko nauli. Ndani yake yumo dalali aliyetukutanisha na wakala, yumo karani aliyetaka kitu kidogo ili faili lisogee, zimo safari za kwenda ofisini na kurudishwa kwa sababu ya karatasi moja iliyokosa muhuri. Baba aliuza kipande cha shamba. Kilichobaki tukakiweka rehani kwa mkopeshaji binafsi, kwa kuwa benki haikutaka kukopesha kwa dhamana ya kazi ambayo mtu bado hajaianza.

Jirani yetu wa pili alikuwa kijana wa rika la kaka, mwashi. Kwa kazi ya mikono alimwacha kaka mbali sana. Alijua kusoma ramani ya jengo, alijua vipimo, na hakuhitaji kusimamiwa. Kama kuna mtu kati yetu ambaye kampuni ya ujenzi ya nje ingefurahi kumpata, ni yeye. Lakini baba yake alifariki akiwaachia deni la matibabu na nyumba ya kupanga. Alipokwenda kwa wakala, alichoulizwa ni kama ana malipo ya awali. Hakuwa nayo, na mazungumzo yakaishia hapo. Aliendelea na vibarua, na kwa miaka kadhaa vibarua vyake vikubwa vilikuwa kujenga nyumba za wale walioondoka.

Nilidhani hilo ni jambo la kwetu tu, bahati ya huyu na mkosi wa yule. Baadaye nikakuta limepimwa na wachumi. Michael Clemens, mchumi aliyechunguza takwimu za nchi nyingi kwa muda mrefu, ameonyesha kwamba kipato cha nchi maskini kinapopanda, uhamaji hupanda nacho, na huendelea hivyo mpaka kipato cha wastani kifikie takriban dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka, zikipimwa kwa uwezo wa kununua, yaani kwa kuzingatia tofauti za bei kati ya nchi na nchi. Ndipo huanza kupungua. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kugharamia safari ya namna hii: kutaka kuondoka ni kwa wote, uwezo wa kuondoka ni wa wachache, na uwezo huo huja na elimu kidogo, akiba kidogo na ndugu aliyetangulia. Ndiyo maana viongozi wa nchi tajiri wanaosema misaada ya maendeleo itazuia watu kuhama hunishangaza. Kijana aliyesomeshwa na familia yake ikapata nafuu ndiye mwenye nauli.

Historia nayo inasema hayohayo. Wakati wa njaa kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza mashambani, watu wapatao milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja wakaondoka. Waliokufa kwa wingi ni wale wasiokuwa na hata nauli ya meli. Na waliofuata kuondoka, wengi walitumiwa tiketi au fedha na ndugu waliokwisha kufika Marekani. Ukiisoma habari hiyo ukiwa na daftari kama langu mkononi, unaona kwamba asiyekuwa na ndugu ng'ambo aliachwa na njaa na akaachwa na meli pia.

Sasa nije kwenye deni, maana hapo ndipo watu wengi hawatazami.

Kaka alipotuma fedha za kwanza, mama alilia kwa furaha na majirani wakaja kutupongeza. Fedha zile hazikulala nyumbani hata usiku mmoja. Zilikwenda kwa mkopeshaji. Za mwezi uliofuata pia, na uliofuata. Kwa muda unaokaribia mkataba wake wote wa kwanza, alichotuma kaka kilikuwa kinalipa gharama za yeye kuwa kule. Riba ilikuwa ikikimbia mbele yetu. Wakati huohuo sifa ya kuwa na mtu nje ilikuwa imetufikia kabla ya fedha: michango ya harusi na misiba tuliongezewa, duka halikutukopesha tena kwa maelezo kwamba sasa tunajiweza, na ndugu wa mbali walianza kupiga simu. Kwa kipindi kile tulikuwa maskini kuliko kabla hajaondoka, maana kipande cha shamba kilikuwa kimekwenda, mikono yake haikuwepo, na deni lilikuwepo.

Kaka alifika akakuta mshahara ni mdogo kuliko uliokuwa kwenye mkataba aliosaini nyumbani. Alipewa mkataba mwingine, katika lugha asiyoijua, akaambiwa asaini au arudi. Atarudi na nini, na hati iko kwa mkopeshaji? Alisaini. Katika nchi zinazotumia mfumo wa kafala, ambako kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri mmoja, mwenye deni nyumbani hana sauti kabisa. Anavumilia kucheleweshewa mshahara, anavumilia kunyimwa siku ya mapumziko, kwa sababu kila anachofikiria kukifanya kinaishia kwenye shamba la baba yake. Nimezungumza na dada kadhaa waliorudi kutoka kazi za ndani. Wote walianza simulizi yao kwa kutaja walichokuwa wanadaiwa.

Na hili si jambo ambalo dunia imeshindwa kulijua. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, ila kwa vighairi vilivyowekewa masharti. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, yaliyopitishwa mwaka 2015, yana kipimo kinacholinganisha gharama alizolipa mfanyakazi kupata kazi ya nje na mshahara wake wa kule. Nilifanya hesabu hiyo kwa ukurasa wa kaka. Nilipomaliza nilifunga daftari nikaenda kukaa nje, hasira zilinijaa. Gharama za kuajiri mtu ni za anayemhitaji. Kumtwisha kijana asiye na kitu gharama hizo ni kumtoza maskini kodi ya kutafuta kazi, na wanaofaidi wanakaa katikati, mjini, ofisi zina viyoyozi.

Deni lilipokwisha, mambo yalibadilika, na nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Mama alikuwa na shinikizo la damu. Kwa miaka alikuwa akikata vidonge nusu ili viishie mwisho wa mwezi. Nilivikuta vile vipande kwenye kikopo, vimefungwa kwa karatasi. Baada ya deni kuisha aliacha kukata. Wadogo zetu waliacha kufukuzwa shule kwa ajili ya ada. Mvua ilipochelewa mwaka mmoja, hatukuuza mbuzi kama tulivyofanya ukame uliotangulia. Ukiniuliza fedha za nje zilifanya nini kwetu, nitakutajia hayo kabla ya kutaja bati au tofali. Ziliondoa hofu ya mwezi.

Tafiti zinaunga mkono jambo hilo. Richard Adams na John Page, katika uchunguzi wao wa mwaka 2005 uliohusu nchi 71 zinazoendelea, walikuta kwamba fedha zinazotumwa nyumbani zikiongezeka kwa asilimia 10 kwa kila mtu, idadi ya watu walio katika umaskini hupungua kwa asilimia 3.5. Nepal inatajwa sana: kati ya miaka ya 1995 na 2004 kiwango cha umaskini kilishuka kutoka asilimia 42 hadi 31, na watafiti walikadiria kwamba karibu moja ya tano ya kushuka huko kulitokana na watu kwenda kufanya kazi mbali na kwao. Mwaka 2023 Benki ya Dunia ilikadiria fedha zilizotumwa kwenda nchi za kipato cha chini na cha kati kuwa dola bilioni 656. Zilizidi misaada yote rasmi ya maendeleo iliyotolewa duniani. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna mamilioni ya watu waliojinyima chakula kizuri ili mtu mwingine anunue dawa.

Na ni fedha zenye imani. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanda na hoteli, Benki ya Dunia ilitabiri kwamba fedha hizo zingeporomoka kwa karibu asilimia 20. Zilipungua kwa takriban asilimia 2 tu. Mimi sikushangaa sana. Kaka alikuwa amepunguziwa saa za kazi, na bado alituma. Alinipigia akasema, "Dada, wewe usimwambie mama kwamba mshahara umekatwa. Mwambie nimebadilishwa zamu." Nikamwambia mama amebadilishwa zamu. Kaka alikuwa akila mlo mmoja. Nililijua hilo kwa mwenzake, wala si kwake.

Lakini tarakimu za nchi nzima zinaficha ua na ua. Hapa ndipo daftari la pili, la kikundi, lilinifundisha kuliko la nyumbani.

Familia zilizokuwa na mtu nje ziliponunua ardhi, bei ya ardhi ilipanda. Ilipanda kwa wote, hata kwa wasiopokea chochote kutoka popote. Mwashi niliyemtaja alikuwa ameweka akiba ya kiwanja. Kila alipokaribia, bei ilikuwa imesogea. Kweli, alipata kazi za kujenga zaidi ya zamani, na ujira wa siku uliongezeka kidogo. Ningekuwa sitendi haki nikiliacha hilo. Fedha zilizotumwa kwetu zilifika kwake pia, kupitia mchanga na saruji. Lakini zilimfikia kama ujira wa siku, wakati kwetu zilifika kama mali. Mwenye ujira anakula leo. Mwenye mali mtoto wake ataanzia juu.

Mwaka 1986 wachumi watatu, Oded Stark, J. Edward Taylor na Shlomo Yitzhaki, walichapisha uchunguzi wa vijiji viwili vya Mexico. Walikuta kwamba fedha za wahamaji zinaweza kuongeza pengo kati ya matajiri na maskini wa kijiji au kulipunguza, na kinachoamua ni muda na upana wa uhamaji wenyewe. Watu wanapoanza tu kuondoka, wanaotangulia ni wenye uwezo, kwa hiyo fedha hurudi kwa wenye uwezo na pengo hupanuka. Njia ikishazoeleka, habari zikienea na gharama zikishuka, hata wa chini huanza kupita, na pengo huanza kufungwa. Nilipoisoma hiyo nilihisi mtu amekaa kwenye mikutano yetu. Swali lililobaki kwangu ni hili: je, jamii ikae ingoje njia ijifungue yenyewe, huku watu wakizeeka wakingoja?

Kwenye kikundi tulifika mahali ambapo "ana mtu nje" likawa ndilo dhamana. Hakuna kanuni iliyoandikwa, lilijijenga. Siku moja mama mmoja mjane aliomba mkopo wa kununulia mashine ya kushonea. Alikuwa ameweka akiba kila wiki bila kukosa, hisa zake zilitosha. Mwenyekiti akamwuliza, kwa upole kabisa, "Mama, ikitokea umekwama, nani wa nje atakusaidia kurejesha?" Yule mama akasema, "Baba, mimi sina mtu nje. Nina mikono." Kikao kikanyamaza, kisha mjumbe mmoja akapendekeza apewe nusu. Nilisimama kama katibu nikasoma rekodi: katika marejesho yaliyochelewa mwaka ule, wengi walikuwa wenye watu nje, kwa sababu walitegemea fedha ambazo hazikufika kwa wakati. Wasiokuwa na mtu walirejesha polepole lakini kwa tarehe. Akapewa mkopo wote. Sisemi kwamba rekodi ya kikundi kimoja inathibitisha kitu kwa dunia. Nasema kwamba tulikuwa tumeanza kumwona mtu maskini asiye na ndugu ng'ambo kama mtu wa hatari, na hakuna aliyekuwa ameketi kuamua hivyo.

Hata miradi ya pamoja hufuata njia hiyohiyo. Mexico ilikuwa na mpango ulioitwa 3x1, ulioanzia jimbo la Zacatecas na kuwa wa taifa mwaka 2002: kila peso moja iliyochangwa na wahamaji kwa ajili ya barabara, maji au shule kwao, serikali kuu, jimbo na manispaa kila mmoja aliongeza peso moja. Ni wazo zuri, na maelfu ya miradi ilijengwa. Lakini watafiti walioufuatilia waliona kwamba manispaa maskini kuliko zote ndizo zilizoambulia kidogo, kwa sababu hazikuwa na vyama vya wahamaji wa kuchanga peso ya kwanza. Kwetu ilikuwa hivyohivyo kwa kiwango kidogo. Bomba la maji lililochangiwa na watoto wetu walio nje lilipita kwenye nyumba zenye watoto nje. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Waliochanga walitaka mama zao wapate maji, na mama zao walikaa upande ule.

Kuna upungufu mwingine ambao hauingii kwenye safu yoyote ya hesabu. Wifi yangu alibaki na watoto wawili. Kwa muda fedha zilikuja kwangu, na yeye alilazimika kuniomba mimi, dada wa mume wake, fedha za daftari la mtoto wake mwenyewe. Aliniita siku moja akaniambia, "Wifi, sikudai wewe. Namdai mume wangu aniamini." Nilimpigia kaka siku hiyohiyo, tukamfungulia wifi akaunti, na fedha za matumizi ya nyumba yake zikawa zinakwenda kwake moja kwa moja. Ndani ya msimu mmoja alikuwa ameajiri kibarua wa kulima sehemu iliyokuwa imeota magugu tangu kaka aondoke. Mimi nilikuwa nimeona magugu yale kila siku na sikuwa na la kufanya. Yeye ndiye aliyejua shamba linahitaji nini na lini. Tangu hapo kila anayeniuliza fedha zipitie kwa nani, namjibu: zipitie kwa anayeamka asubuhi na mzigo wenyewe.

Watoto ni habari nyingine, nzito, na sitaki kuipita harakaharaka kana kwamba nina jibu. Mdogo wao alimjua baba yake kama sauti ya Jumapili. Alipokuja likizo, mtoto alimwamkia kwa heshima zote na kurudi kucheza. Kaka hakusema kitu, lakini mwaka uliofuata alianza kuulizia kazi za kurudi nyumbani, na hazikuwepo. Fedha alizotuma zilimpa mtoto ada, na ada ile ilimgharimu mtoto huyohuyo baba. Wazazi wanaofanya biashara hiyo wanaijua bei yake kabla ya kuondoka. Wanaowalaumu kwa kutelekeza watoto wangeanza kwa kuuliza mshahara wa hapa unalipa ada za watoto wangapi.

Ada ya kutuma fedha nayo ni wizi wa polepole. Mwaka 2023 wastani wa dunia wa kutuma dola 200 ulikuwa zaidi ya asilimia 6, na kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara ulikaribia asilimia 8. Malengo ya Umoja wa Mataifa yanataka ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Anayetuma kidogo, tena mara kwa mara, ndiye anayekatwa zaidi kwa uwiano, na anayetuma kidogo ni yule mwenye mshahara mdogo. Tulijifunza kumwambia kaka atume mara chache kwa kiasi kikubwa, na sisi tupange matumizi. Iliwezekana kwetu kwa sababu tulikuwa na akiba ya kusubiria. Nyumba isiyo na akiba haiwezi kusubiri, kwa hiyo inalipa zaidi.

Nimekutana na mfano mmoja wa nchi iliyofungua njia kwa walio chini, nami naupenda kwa sababu unaonyesha hili ni suala la uamuzi. Mwaka 2007 New Zealand ilianzisha mpango wa wafanyakazi wa msimu, wengi wao kutoka visiwa vya Pasifiki kama Tonga na Vanuatu, wa kufanya kazi kwenye mashamba ya matunda na mizabibu kwa miezi kadhaa kisha kurudi kwao. Mwajiri analazimika kulipia nusu ya nauli ya ndege ya kwenda na kurudi. Tonga ilishirikisha viongozi wa vijiji kuteua watu, na waliochukuliwa walitoka kwenye familia maskini wenye elimu ndogo. John Gibson na David McKenzie walipofuatilia familia hizo, walikuta kipato cha kila mtu nyumbani kimepanda kwa zaidi ya asilimia 30. Mpango huo una matatizo yake, na wafanyakazi wamelalamikia makazi na makato. Lakini umethibitisha kwamba fukara anaweza kupita mlangoni kiingilio kikipunguzwa.

Hilo ndilo lililotusukuma kwenye kikundi kuanzisha mfuko wa safari. Ni mdogo. Unakopesha kwa riba ya kawaida ya kikundi, iliyo ndogo kuliko ya mkopeshaji binafsi kwa mbali, na hautaki hati ya shamba. Kabla ya kutoa chochote tunakaa na mwombaji, tunasoma mkataba wake mstari kwa mstari, tunamtafuta mtu aliyefanya kazi nchi ileile amweleze hali, na tunahakikisha wakala ana leseni inayofanya kazi. Wakala akikataa kuonyesha leseni, hatutoi, hata mwombaji akilia. Tumewahi kumkatalia kijana kwa sababu hiyo, akaenda kukopa kwingine, akaondoka kwa njia hiyohiyo. Aliandika miezi kadhaa baadaye akitaka tumsaidie arudi. Tulichanga. Hakuna aliyemsimanga.

Mabishano yaliyopo sasa ni juu ya nani atangulie. Fedha za mfuko zinatosha mtu mmoja, kisha tusubiri arejeshe ndipo aende mwingine, na orodha ni ndefu. Wajumbe wengi wanataka tuanze na familia ambazo tayari zina mtu nje, kwa sababu mgeni anapofika anapokewa, anaonyeshwa kazi, na mkopo unarudi mapema, hivyo mtu wa pili anaondoka mapema. Hesabu yao ni sahihi, nimeirudia mwenyewe. Mimi nataka tuanze na wasiokuwa na mtu, na mwashi ni wa kwanza kwenye orodha yangu ingawa umri umeanza kumpita. Atachelewa kurejesha kuliko mtoto wa nyumba yenye watu wawili nje, na nimewaambia hivyo kikaoni bila kuficha. Lakini akifika, nyumba ambayo haikuwahi kuwa na mtu nje wa kuipigia simu itakuwa naye, na wadogo zake watatu hawatahitaji mfuko wetu. Tumepanga kupiga kura mkutano ujao, na nimeshaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura hizo.